Vazi la Skwoshi: Tusitiri Mwili, Tulinde na Jicho

Mzazi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alitujia na swali ambalo mwanzoni tulilidhania dogo. Binti yake ameanza kuupenda mchezo wa skwoshi, na mwalimu amemsifu kuwa mkono wake ni mwepesi na jicho lake ni kali. Mzee hana kinyongo na mchezo. Kinachomkera ni nguo. "Nimekwenda kuwatazama wachezao," alisema, "wanaume mapaja nje, wanawake na visketi. Haya, wangu mimi atavaa nini?" Hatukuwa na jibu la papo hapo, na hilo lenyewe lilituonyesha ya kuwa swali si dogo.

Tena si swali la mzee huyo peke yake. Mwezi wa Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokutana Mumbai iliukubali mchezo wa skwoshi uingie katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Mchezo uliokuwa ukihesabiwa kuwa ni wa mabwana wa vilabuni sasa wawavuta vijana wa kila namna, na vijana wa pwani wamo. Wakifika mlangoni wakarudishwa na suala la nguo, au wakaingia kwa nguo zisizofaa wakatoka wameumia, hasara ni yetu sote. Ndiyo maana leo twaona yafaa tuliseme jambo hili kwa kituo.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, kwani nguo hukatwa kwa kipimo cha mwenye kuivaa na kwa kazi aifanyayo. Skwoshi ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19, katika shule ya Harrow. Huchezwa na watu wawili ndani ya chumba kimoja chenye kuta nne, urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Hapana wavu wa kuwatenga. Wote wawili hukimbia katika sakafu ile ile ya mbao, wakiupiga mpira mmoja mdogo ukutani kwa zamu, kila mmoja na raketi ambayo kanuni huiruhusu kufikia urefu wa sentimita 68.6. Mpira wenyewe una upana wa milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi, na wachezaji hodari huupiga ukaenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Mchezaji hukimbia hatua tatu nne, husimama ghafla, hujikunja hadi goti likaribie sakafu, kisha hugeuka na kukimbia tena. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na skwoshi karibu yote ni ya mvunguni. Nguo isiyomruhusu mtu kuinama, au imwonyeshayo uchi akiinama, haifai, hata ingekuwa imetoka katika duka la fahari namna gani.

Pili, asije mtu akatuambia kuwa mchezo huu si wetu, na ya kuwa anayeutaka hana budi kuchukua mila za wengine pamoja nao. Katika miaka ya 1930 aliyevuma Uingereza katika skwoshi alikuwa Amr Bey, Mmisri. Mwaka 1951, katika fainali ya mashindano ya wazi ya Uingereza, walikutana Mahmoud Karim wa Misri na Hashim Khan wa Pakistan, na Hashim akashinda. Hashim huyo alikuwa mtoto wa kijiji karibu na Peshawar, aliyekuwa akiwaokotea mipira maofisa wa Kiingereza. Wakiondoka uwanjani, yeye huingia kujifunza peke yake, miguu mitupu. Baadaye akaja Jahangir Khan, aliyehesabiwa kushinda mechi 555 mfululizo kati ya mwaka 1981 na 1986. Na katika zama zetu hizi Misri ndiyo iliyoshika usukani, wanaume kwa wanawake. Mchezo huu basi una Waislamu tele ndani yake, na haukuanza jana.

Turejee sasa kwa nguo. Mwenye fedha kidogo, na wengi wetu ndio hao, hujiuliza aanze na kipi. Desturi tuionayo ni kijana kuanza na raketi ya bei na fulana yenye chapa mashuhuri, kisha kilichobakia ndicho hununulia vitu vingine. Sisi twasema utaratibu huo umepinduliwa kichwa chini. Aanze na jicho, afuate miguu, kisha nguo, na mwisho kabisa ndipo atazame urembo.

Kwa nini jicho? Mpira wa kandanda ni mkubwa kuliko tundu la jicho, hivyo mfupa wa uso huupokea. Mpira wa skwoshi, kwa upana wake wa milimita 40, huingia barabara ndani ya tundu hilo na kuligonga jicho lenyewe. Raketi ya mwenzio nayo inazunguka huko huko karibu na uso wako. Kwa sababu hiyo Shirikisho la Skwoshi la Dunia huwalazimisha vijana katika mashindano yake kuvaa miwani ya kinga. Mkubwa aliyezoea hujiona hana haja nayo. Lakini jicho halina duka.

Miwani yenyewe iwe ya mchezo, yenye vioo vya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kwa urahisi, na iwe na ukanda wa lastiki wa kuizungushia kisogoni. Miwani ya kawaida ya kusomea ni hatari mara mbili, maana ikipigwa yaweza kuvunjika na vipande vikaingia jichoni. Lenzi zinazovaliwa ndani ya jicho hazikingi kitu. Na ile miwani ya fremu tupu, isiyo na vioo, isikudanganye: mpira ukipigwa kwa nguvu hujibinya na kupenya katikati. Hapa kwetu kwenye joto la mvuke watu hulalamika kuwa miwani hupata ukungu. Chagua yenye matundu madogo ya hewa pembeni, na kabla ya kucheza ipake sabuni kidogo, kisha uifute kwa kitambaa kilaini. Msichana aliyejitanda auvae ukanda juu ya ushungi, si chini yake. Hivyo miwani hukaa imara, na ushungi nao hupata cha kuushikilia.

Baada ya jicho ni miguu. Hashim Khan alianza miguu mitupu kwa kuwa hakuwa na budi. Asiigwe katika hilo. Viatu vya skwoshi vina soli ya mpira laini, iliyo bapa na iliyo karibu na ardhi, na pembeni vimeshonwa imara ili mguu usipinduke mtu anapokwenda upande. Raba za mbio si badala yake. Hizo zimeinuliwa kisigino kwa ajili ya mtu aendaye mbele tu, na mwenye kuzivaa katika skwoshi yu karibu sana na kuteguka kifundo. Soli pia isiache alama sakafuni, maana vilabu haviruhusu. Jaribio lake ni jepesi: isugue soli juu ya karatasi nyeupe. Ikiacha weusi, hicho si kiatu cha humo.

Anayenunua mitumba Kongowea au kwingineko asione haya, kwani viatu vizuri hupatikana huko. Ila akikunje kiatu aitazame gundi, kwani viatu vilivyokaa sana hukauka gundi, na soli huachana katikati ya mchezo. Aache nafasi kidogo mbele ya kidole gumba, kwa sababu mguu husukumwa mbele kila asimamapo ghafla. Avae soksi nene za kunyonya jasho. Na viatu hivyo visitoke navyo barabarani: mchanga wetu wa pwani ukishika kwenye soli huikwaruza sakafu na kumtelezesha mchezaji mwenyewe.

Sasa tufike kwenye nguo za mwili, na tuanze na wanaume, kwa kuwa wao ndio husahauliwa. Kila izungumzwapo stara, vidole vyote humwelekea mwanamke, kana kwamba mwanamume hakupewa mpaka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Kaptula nyingi za michezo hukoma katikati ya paja, na mchezaji akiinama hupanda zaidi. Vile vile fulana fupi hutoka kiunoni anaponyoosha mkono juu. Dawa yake si ngumu. Kaptula ipite goti kidogo na iwe pana, au avae suruali nyepesi ya michezo. Fulana iwe ndefu ya kuchomekwa. Yule apendaye kaptula fupi avae ndani yake nguo ya kubana ifikayo chini ya goti, kama wafanyavyo wanariadha wengi kwa ajili ya misuli yao. Hapo mchezo haukupungua hata chembe, na stara imepatikana.

Kitambaa nacho kitazamwe. Pamba hupendwa kwa ulaini wake, lakini katika chumba kilichofungika, kwa joto la Mombasa, pamba hunywa jasho ikawa nzito na kumshika mtu mwilini. Vitambaa vya polista vilivyofumwa kwa ajili ya michezo hukausha jasho upesi, na wala si hariri hata mwanamume awe na wasiwasi navyo. Achukue fulana mbili au tatu na abadilishe kila aonapo jasho ladondoka, kwani sakafu ya mbao iliyolowa ni utelezi, na utelezi huo humwangusha mwenzio pia, si wewe tu.

Kisha ni jambo la weupe. Zamani vilabu vingi vilidai mchezaji avae nyeupe tupu, na viko ambavyo hata leo vyashikilia desturi hiyo, ingawa vingi vimelegeza. Hatuna ugomvi na rangi nyeupe. Ni rangi ya kanzu zetu na ni rangi njema. Lakini nguo nyeupe nyepesi ikilowa jasho huonyesha kila kilicho chini yake, na hapo mtu amevaa na hakuvaa. Yeyote alazimikaye kuvaa nyeupe, mume au mke, anunue kitambaa kilichofumwa kwa karibu, na avae shumizi au fulana ya ndani. Kabla ya kulipa, akiweke kitambaa mbele ya mwanga, na akifika nyumbani akiloweshe sehemu kidogo aone. Ni afadhali kuyajua hayo chumbani kuliko mbele za watu.

Na binti yule wa Mji wa Kale? Hatutoi fatwa, wenye elimu wapo, na mwenye shaka awaendee. Lakini imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi akashinda na mara ya pili Mtume akashinda. Kucheza basi si aibu. Kilichobakia ni namna.

Buibui halifai uwanjani, wala dera. Pindo huingia miguuni na mkono hunaswa, na mwenye kuanguka kwa kasi ile huvunjika. Avae suruali pana kiasi, iliyokusanywa kifundoni kwa lastiki ili isikanyagwe. Juu yake avae shati au kanzu fupi ya kufika gotini au karibu yake, isiyobana, iliyopasuliwa pembeni kwa chini ili hatua ndefu ipate nafasi. Mikono mirefu ishikwe kiwikoni mwa kiganja kwa kile kitambaa cha kufutia jasho wakivaacho wachezaji. Kitamfaa mara mbili. Mafundi cherehani wetu, wanaojua kukata kanzu ikamkaa mtu vizuri, waweza kuyafanya haya yote kwa gharama isiyoumiza. Fundi aambiwe aongeze kipande msambani na kwapani, kwa kuwa hapo ndipo nguo ipasukapo mtu akinyooka.

Kichwani, ule mtandio wa kuzungusha na kubana kwa pini hauna mahali. Kuna ushungi wa kuchopeka, wa kitambaa kinachovutika, uliotengenezwa kwa ajili ya michezo. Hukaa kichwani bila pini hata moja na ncha zake huingizwa ndani ya shati. Usiwe mzito masikioni, kwa maana mchezaji yataka amsikie mwamuzi na asikie hatua za mwenziwe nyuma yake. Usije mbele ya pembe za macho, kwani katika skwoshi hatari hutoka ubavuni.

Hapa ipo kanuni ya mchezo ambayo wengi hawaijui mpaka iwagharimu. Kitu kikimtoka mchezaji mwilini kikaanguka sakafuni wakati mpira unachezwa, ikiwa si raketi yake na hakugongana na mwenzake, mchezo husimamishwa na kwa kawaida pointi humwendea mpinzani. Pini ya mtandio, bangili, kofia, hata kibanio cha nywele: kila kimoja chaweza kuwa pointi. Na pini iliyoanguka chini ni mwiba kwa mguu wa mwingine. Kwa hiyo pete, bangili, herini na mikufu vibaki nyumbani au katika mfuko. Kijana wa kiume anayeingia na mkufu wa dhahabu shingoni ana makosa mawili, moja la mchezo na jingine alijualo mwenyewe.

Vya ziada havihitaji maneno mengi. Mpini wa raketi ufungwe kitambaa kipya kila kinapoanza kuteleza, kwani kwa jasho la huku raketi huchomoka mkononi ikaruka kama jiwe. Mfukoni kuwe na taulo, chupa ya maji, fulana ya kubadilisha, na kikoi au kanzu. Saa ya sala ikiingia kabla hajafika nyumbani, jasho si najisi, lakini adabu ni kuingia msikitini mtu amejifuta na amevaa kilicho safi.

Sasa tuna neno kwa wenye vilabu. Zipo mbao za kanuni ambazo hata leo zasema mavazi ni "kaptula au sketi", pasipo kutaja suruali wala kitambaa cha kichwa. Huenda aliyeandika hakukusudia kumfukuza mtu. Lakini binti anayefika mara ya kwanza, mwenye haya, akisoma ubao ule hurudi nyumbani bila ya kuuliza, na hapana atakayejua kuwa alikuja. Mpira wa miguu uliondoa marufuku ya hijabu mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017, baada ya wasichana wengi kukosa michezo bure. Skwoshi ina wachezaji wa kulipwa wanaocheza wamejitanda, tena mbele ya kamera. Kuongeza mstari mmoja ubaoni kusema suruali, mikono mirefu na ushungi vyaruhusiwa hakugharimu zaidi ya rangi na brashi. Na wakiweza kutenga saa za wanawake peke yao, watakuwa wamefanya hisani ambayo mji hautaisahau.

Kwa wazazi nako tuna neno. Huko Waziristan ya Kusini, Pakistan, alizaliwa mwaka 1990 binti aitwaye Maria Toorpakai. Kwa kuwa msichana kucheza kwao halikuwa jambo la kukubaliwa, alikata nywele, akavaa nguo za kiume, na babake akampa jina la Genghis Khan. Alipokwenda kujiandikisha skwoshi mjini Peshawar akatakiwa cheti cha kuzaliwa, na siri ikafichuka. Aliendelea kucheza akafikia kuwa mchezaji wa kulipwa, akatishwa maisha, na mwaka 2011 akahamia Kanada. Hadithi hii twaitaja kwa sababu moja. Binti mwenye kipawa asipopewa vazi lake mwenyewe la heshima, huenda akatafuta la kuazima. Na nguo ya kuazima, wahenga wamekwisha kutuambia, haisitiri. Bora tumshonee yake.

Mzee wetu wa Mji wa Kale tulimweleza haya kwa ufupi, naye akasikiliza akitikisa kichwa. Mwisho akauliza jambo moja tu: ile miwani yapatikana wapi. Hakuuliza tena habari ya visketi. Tulifurahi, kwa maana alikuwa ameushika mpango wote: stara ina njia zake, zijulikanazo tangu zamani, na fundi yupo, lililokuwa limesahauliwa ni jicho.

Basi anayetaka kumnunulia mwanawe raketi mwezi huu, tumwombe asubiri kidogo. Raketi ya kuazima huchezeka, hata iliyochakaa. Anunue kwanza miwani ya kinga na viatu vya soli isiyoacha alama, ampeleke kwa fundi apimwe, kisha ndipo amwambie: nenda, mwanangu, ukacheze.